Jumapili ya Mama, Ngamiani, Tanga

*Kikundi: Watoto wa Bi Mkubwa (Mama hayumo)*

Jumanne usiku

Mama Rama (Muscat): Assalaam alaykum. Shikamoo kaka. Jumapili hii ni Siku ya Mama huko nyumbani. Huku ilishapita, Waarabu wanaiadhimisha tarehe 21 Machi. Siku ile niliwaona wenzangu wakiwabebea mama zao maua, nikajisemea ya kwetu isinipite.

Kaka Mkubwa (Dodoma): Waalaykum salaam. Marahaba. Mimi mambo ya siku moja sijawahi kuyaelewa. Mama ni wa kila siku.

Mama Rama: Kweli kaka. Mara ya mwisho kumpigia ilikuwa lini?

Kaka Mkubwa: Idi.

Kaka Mkubwa: Umenishika, mdogo wangu.

Baba Nasra (Mwanza): Basi tuchange. Doti ya khanga, keki, na Tunu ampige picha nzuri.

Tunu (Tanga): Shikamooni wote. Kwenye sanduku la Mama kuna doti kumi na moja ambazo hata kukatwa hazijakatwa. Zote tulimletea sisi. Zilizoandikwa "Nani kama Mama" peke yake ni tatu. Naomba tusimletee ya kumi na mbili.

Nasra: Shikamooni baba mkubwa, shangazi zangu, baba. Naweza kusema kitu? Siku hii ilianzishwa Marekani na mama mmoja, Anna Jarvis. Mwaka 1908 aliandaa ibada ya kumkumbuka mama yake huko Grafton, West Virginia, na mwaka 1914 Rais Wilson akaitangaza nchi nzima. Yeye mwenyewe hakuzaa. Baadaye alikasirika sana kuona watu wameigeuza biashara. Zile kadi za kununua ndizo zilimuudhi hasa. Alitaka mtoto akae chini, ashike kalamu, amwandikie mama yake kwa mkono wake.

Baba Nasra: Barua? Zama hizi?

Kaka Mkubwa: Ngojeni kidogo. Naandika.

Kaka Mkubwa: Ninyi wadogo hamkuyaona haya. Mwalimu Nyerere alitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka ile madarasa ya ngumbaru yalikuwa kila mtaa. Mama aliolewa hajui herufi. Akimaliza kuuza vitumbua asubuhi, mchana anapumzika kidogo, jioni anakwenda darasani na mimi nikiwa mgongoni. Bibi aliniambia nilikuwa nalia sana, na Mama alikuwa akisimama nyuma ya darasa ananibembeleza huku anaandika. Nilipokwenda bweni kule Lushoto, kila mwezi nilipata barua yake. Mwandiko mkubwa, mistari inapanda juu kama inapanda mlima. Na ndani kuna noti ya mia tano, imekunjwa mara nne. Mjue vitumbua vingapi vilikuwa ndani ya noti ile. Sikuwahi kumwambia kwamba barua yenyewe ndiyo niliyokuwa naisubiri.

Mama Rama: Kaka umeniliza, na niko kazini.

Baba Nasra: Mimi nilidhani ananiandikia mimi tu 😢

Tunu: Alizojibiwa zote anazo. Ziko kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati. Ila kuna jambo nilikuwa sijui nilisemeje. Hazisomi tena. Anazitoa, anazishika, anazirudisha. Ramadhani nilimwona amenyoosha mkono mpaka mwisho kuutazama Msahafu, kisha akaufunga. Akaniambia wino wa siku hizi hafifu.

Baba Nasra: Tunu! Tangu Ramadhani?

Tunu: Alinikataza. Alisema mna mizigo yenu.

Baba Nasra: Sikulaumu. Nisikilize mimi muuguzi. Kutoona karibu humpata kila mtu akishapita miaka arobaini, na miwani ya kusomea inatosha. Lakini kwa umri wa Mama usiende kununua ile ya mezani barabarani. Apimwe kwanza. Waangalie mtoto wa jicho na presha ya macho. Presha ya macho mara nyingi haiumi, inaiba taratibu, na kilichokwenda hakirudi. Umpeleke kesho kutwa. Gharama natuma leo.

Mama Rama: Nusu yangu.

Kaka Mkubwa: Na barua je? Jumapili ni karibu.

Mama Rama: Kuna jirani yangu anaruka kwenda Dar Alhamisi. Naandika usiku huu, atanipakilia kwenye basi la Tanga.

Kaka Mkubwa: Yangu nitaiweka kwenye basi keshokutwa. Baba Nasra, wewe uko mbali kuliko mimi, usichelewe. Na jamani, tusimwandikie "asante kwa yote". Kila mtu ataje jambo moja analolikumbuka.

Alhamisi

Tunu: Tumetoka kliniki. Presha ya macho haina neno, alhamdulillah. Mtoto wa jicho ndiyo anaanza jicho la kushoto, bado mdogo, tutarudi baada ya miezi sita. Miwani Jumamosi.

Tunu: Alipowekewa vioo vya kujaribia, daktari akampa karatasi asome. Akaisoma yote, kisha akaomba nyingine.

Jumamosi

Tunu: Bahasha tatu zimefika. Ya Baba Nasra imeloa pembeni, maandishi salama. Nasra naye ameleta yake, kurasa tano!

Jumapili

Mama Rama: Tunu. Vipi?

Mama Rama: Tunu jamani.

Tunu: Samahani, nilikuwa naye. Leo sikumruhusu kuingia jikoni. Nimepika mimi vitumbua, amesema hamira imezidi, ila amekula vinne. Baada ya adhuhuri nikampa miwani, nikamwekea bahasha mapajani. Alianza na ya kaka. Anasoma kwa sauti, polepole, kidole kinafuata mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika pale pa kulia mgongoni akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya khanga, akaivaa tena. Ya Mama Rama kaisoma mara mbili. Nikamwuliza, niwapigie simu uongee nao? Akasema hapana, barua haijibiwi kwa simu.

Kaka Mkubwa: Amesemaje?

Tunu: Amenituma dukani, karatasi za mistari na bahasha nne. Sasa hivi yuko barazani anaandika. Ameanza na yako kaka, mistari bado inapanda.

Baba Nasra: Allah amweke.

Tunu: Amenisimamisha tena. Anataka noti ya kukunja ndani. Nikamwambia mia tano siku hizi ni sarafu, Mama, haikunjiki. Amefungua pindo la khanga, ametoa noti nne za elfu moja.