Naomba ushauri: mtoto tumboni hana fuvu

Habari zenu wapendwa. Mke wangu ana mimba ya wiki 13. Juzi kwenye ultrasaundi daktari alituonyesha kwamba fuvu la mtoto halijaumbika, ubongo umebaki wazi ndani ya maji ya uzazi. Akasema ni akrania, huishia kuwa anensefali (mtoto kukosa sehemu kubwa ya ubongo na fuvu), na mtoto hawezi kuishi. Moyo tumeusikia ukidunda kabisa, jamani. Tutarudia kipimo wiki ijayo.

Mke wangu anajilaumu mno, ingawa tatizo hili huanza pale mrija wa neva (unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo) usipofunga vizuri, na mrija huo hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo tangu mimba kutungwa, wengi hawajajua hata kama ni wajawazito.

Mliopitia haya, mliamuaje? Na kabla ya mimba iliyofuata, mlianza lini asidi ya foliki (vitamini ya kusaidia kuzuia tatizo hili) ya dozi kubwa?