Ameacha sigara ghafla, siku ya sita moyo unamwenda mbio: ni arosto au kuna kingine?

binti_wa_Rau (Ijumaa, saa 4:10 asubuhi)

Habari zenu wadau. Nauliza kwa ajili ya kaka yangu, tupo Moshi. Ana miaka 46, fundi magari, amevuta pakiti moja kwa siku kwa miaka kama 22. Jumapili alitupa pakiti na kiberiti, tangu hapo hajagusa hata kipisi. Leo siku ya sita.

Siku tatu za mwanzo zilikuwa hasira, njaa na kichwa kizito, hayo tuliyategemea. Ila tangu jana moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka hadi spana inamponyoka, usingizi hapati, na asubuhi hii ametapika chai. Majirani wanasema ni arosto, yaani mwili unadai sigara, avute moja tu apoe. Wengine wanasema kuacha ghafla kunaua, bora angepunguza kidogo kidogo.

Ana pumu. Anameza aminofilini, vidonge viwili vya miligramu 100 kutwa mara tatu, na ana pampu ya salbutamoli akibanwa. Kahawa ya kijiweni anakunywa vikombe sita au saba, na wiki hii ameongeza. Pombe hanywi. Nifanyeje?

Dawa_na_Dozi (saa 4:31)

Dada, mpeleke hospitali leo hii, msingoje Jumatatu. Dozi ya aminofilini inayofuata asiimeze mpaka aonwe na daktari. Pampu aende nayo, na vidonge vibebeni na pakiti yake ili daktari aone nguvu ya dawa.

Sababu ni hii. Arosto ya sigara haipandishi mapigo ya moyo. Nikotini ndiyo huyapandisha, kwa hiyo aliyeacha mapigo yake hushuka. Mtu wa siku ya sita ambaye moyo unakimbia, mikono inatetemeka na anatapika, tafuteni kitu kingine, na kwake kipo mkononi.

Moshi wa sigara una kemikali zinazolichochea ini litengeneze kwa wingi kimeng'enya (kichocheo cha mwilini) kiitwacho CYP1A2. Kimeng'enya hicho ndicho kinachovunja aminofilini, na ndicho kinachovunja kafeini ya kwenye kahawa. Kwa miaka 22 ini la kaka yako limekuwa likiichoma dawa hiyo upesi, na dozi yake ikapangwa juu ya mwili wa mvutaji. Moshi ukikatika, kimeng'enya kinapungua ndani ya siku chache, na kufikia wiki moja kimeshatulia kwenye kiwango cha mtu asiyevuta. Vidonge ni vilevile sita kwa siku, lakini dawa inayobaki kwenye damu imeongezeka. Aminofilini ni dawa ambayo kipimo kinachotibu na kile kinachodhuru vimekaribiana sana. Kichefuchefu, kutapika, kutetemeka na moyo kwenda mbio ni dalili za mwanzo. Ikizidi huleta degedege na moyo kudunda bila mpangilio.

Kahawa inaongeza mzigo uleule, maana kafeini na aminofilini ni ndugu: zinasisimua moyo kwa njia inayofanana na zinagombea kimeng'enya kimoja. Aliyeacha sigara hubaki na kafeini kwenye damu kiasi cha mara mbili ya awali kwa vikombe vilevile. Yeye ameongeza vikombe. Na pampu ya salbutamoli ikitumika mara nyingi nayo hutetemesha mikono.

Mkifika mwambieni daktari sentensi hii nzima: "Ameacha sigara siku sita zilizopita na anatumia aminofilini." Msipoitaja sigara, huenda isimjie mtu akilini. Waombeni wapime mdundo wa moyo kwa mashine ya ECG na potasiamu kwenye damu, kwa sababu aminofilini na salbutamoli zote huishusha.

Na kuvuta "moja tu" hakusaidii kitu. Sigara moja hairudishi kimeng'enya, ila inairudisha nikotini juu ya moyo ambao tayari unakimbia.

kikombe_kimoja (saa 4:50)

Naongeza jambo moja ambalo huwa linasahaulika. Kama alikohoa wiki hii akaenda duka la dawa akapewa sipro, taja hilo pia. Siprofloksasini hukizuia kimeng'enya hichohicho na hupandisha aminofilini zaidi. Erithromaisini nayo huipandisha.

Kuhusu kahawa, hata asiyetumia dawa yoyote akiacha sigara apunguze vikombe kwa nusu tangu siku ya kwanza, na baada ya saa 9 alasiri asiguse. Huku kwetu kahawa inapitishwa kwenye birika kila kona, na mtu aliyeacha sigara hukaa kijiweni akijaza kikombe kwa sababu mkono umezoea kushika kitu. Halafu usiku anahesabu mabati, asubuhi anaamini mwili unadai sigara. Kwa kaka yako, leo kahawa asionje kabisa.

Pafu_la_Kulia (saa 5:22)

Wenzangu wameshasema la haraka. Mimi niseme yale ambayo kweli ni ya kuacha, ili mjue yapi ya kuvumilia.

Nikotini hupungua nusu kwenye damu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo hamu huanza siku ileile. Arosto hufika kileleni siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea ndani ya wiki mbili hadi nne. Humo mna hasira za karibu, njaa, kushindwa kutuliza akili, usingizi wa kukatika na ndoto nzito. Choo pia hufunga, kwa sababu nikotini ilikuwa ikiusukuma utumbo. Papai, mboga za majani na maji ya kutosha vinatosha kwa wengi. Vidonda mdomoni wiki ya kwanza na ya pili ni kawaida. Uzito huongezeka kwa wastani wa kilo 4 hadi 5 kwa mwaka wa kwanza, hivyo karoti na matango yawe karibu kuliko maandazi.

Kikohozi huwashtua watu. Vinyweleo vidogo vya kwenye njia ya hewa vilikuwa vimelemazwa na moshi. Vikiamka vinaanza kufagia makohozi juu, ndiyo maana mtu hukohoa zaidi kuliko alipokuwa akivuta. Ila mwisho wa uvumilivu ni wiki mbili. Kikipita hapo, au pakiwa na damu, homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, apimwe makohozi ya kifua kikuu, na kipimo hicho ni bure kwenye vituo vya serikali. Mkoa wenye Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu, hauna sababu ya kubahatisha kikohozi. Na kwa mwenye pumu, kifua kikianza kupiga filimbi asingoje hata siku mbili.

Sigara_Sita (saa 5:40)

Hoja ya kuacha ghafla kuua: hapana. Kinachoweza kuua kwa kukatwa ghafla ni pombe kwa mnywaji wa kila siku, huyo hupata degedege na kuchanganyikiwa, naye anahitaji hospitali. Nikotini haina hatari hiyo.

Na kidogo kidogo siyo bora kama watu wanavyodhani. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2016 uliwachukua wavutaji 697. Wengine waliacha kwa siku moja, wengine walipunguza kwa wiki mbili kwanza. Baada ya wiki nne, asilimia 49 ya walioacha ghafla walikuwa hawavuti, kwa wenzao asilimia 39. Baada ya miezi sita, 22 kwa 15.5. Lakini makundi yote mawili yalipewa nikotini ya dawa na ushauri, hilo lisirukwe. Anayepunguza bila msaada huvuta zile chache kwa nguvu zaidi, anazivuta mpaka kwenye kichungi, na nikotini inabaki karibu palepale.

Kwa hiyo kaka yako hakukosea kuacha ghafla. Lililokosekana ni kumwambia daktari wa pumu siku ile alipopanga kuacha.

tulia_kwanza (saa 6:15 mchana)

Upande wa akili. Ubongo wa mvutaji huongeza vipokezi vya nikotini, yaani sehemu ambazo nikotini hushika, na vyote hivyo sasa vina njaa. Huchukua wiki 6 hadi 12 kurudi kama vya asiyevuta. Hamu inapopanda haidumu, ni dakika chache tu. Msimhubirie katika dakika hizo. Apige mswaki, anywe maji baridi kwa mafunda madogo madogo, au atoke azunguke karakana mara mbili. Hatari kubwa ni wiki hii, walio wengi wanaojaribu wenyewe huanguka ndani ya siku nane za mwanzo, na kwa kawaida inakuwa baada ya kula au pale kwa mangi wanapouza moja moja. Mtumeni mtu mwingine dukani kwa sasa.

Huzuni ya siku chache hutarajiwa. Ikizidi wiki mbili, au akianza kusema hana haja ya kuishi, hiyo ni ya daktari siku hiyohiyo.

binti_wa_Rau (saa 12:40 jioni)

Tumerudi, asanteni sana. Amepimwa moyo na damu, potasiamu ilikuwa chini, wamemtundikia dripu na kumwangalia mchana kutwa. Aminofilini imesimamishwa kwa sasa, amepewa pampu ya kuzuia pumu, aitumie asubuhi na jioni, Jumatatu arudi. Maswali mawili. Rafiki zake wanamshawishi ugoro badala ya sigara. Na je, akirudishiwa aminofilini dozi itakuwa ileile?

Dawa_na_Dozi (saa 1:05 usiku)

Mmefanya vizuri sana. Ugoro hapana. Ni tumbaku ileile, unalisha vipokezi vilevile na una sumu za saratani ya mdomo. Akihitaji nikotini, iwe ya dawa: kibandiko cha miligramu 21 kwa anayevuta zaidi ya 10 kwa siku, wiki sita, kisha 14 wiki mbili, kisha 7 wiki mbili. Kibandike kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, kila siku mahali papya. Ila asianze mpaka moyo utulie na daktari wa Jumatatu akubali. Nikotini haikigusi kile kimeng'enya, ni moshi tu, kwa hiyo kibandiko hakitavuruga hesabu ya dawa.

Dozi: kwa kawaida mtu aliyeacha hupunguziwa robo hadi theluthi, kisha huangaliwa upya. Na dozi hiyo ndogo ni ya asiyevuta. Ikitokea amerudi kuvuta hata kwa wiki chache, dawa itaanza kuchomwa upesi tena na pumu itambana, kwa hiyo aseme ukweli kliniki bila kuona aibu. Na ile pampu ya kuzuia pumu, asukutue mdomo kila baada ya kuitumia, la sivyo atapata utando mweupe kwenye ulimi.