Rasimu ya kiwango cha kuhama kati ya Wi-Fi na mtandao wa simu: niikague vipi?

Mkaguzi_Mpya:
Wakuu, salaam. Nina rasimu ya kiwango cha kuhamisha mazungumzo ya sauti kati ya Wi-Fi na LTE (mtandao wa simu wa 4G) bila kukatika, iliyojengwa juu ya IEEE 802.21, kiwango cha kuhama kati ya mitandao ya aina tofauti. Kifungu kimoja kinasema "ucheleweshaji wa kuhama usizidi milisekunde 50". Kingine kinataka kifaa kitoe taarifa "mapema" kabla kiungo hakijakatika. Naviona vinapwaya, ila sijui niandike nini kwenye fomu ya maoni.

Kipimo:
Mkuu, hiyo 50 haipimiki mpaka waseme saa inaanzia wapi na kuishia wapi. Tangu amri ya kuhama itolewe? Au tangu pakiti ya mwisho ipite mtandao wa zamani hadi ya kwanza ifike kupitia mpya? Mtumiaji anasikia hiyo ya pili, kwa hiyo pendekeza hiyo.

Kisha uliza kama redio zote mbili zinawaka kwa pamoja. Kama ni moja moja, 50 ni ndoto. Vituo vya Wi-Fi kwa kawaida hujitangaza kila milisekunde 102.4. Kifaa kinachosikiliza tu, kikipitia chaneli 13 za 2.4 GHz moja moja, kimeshakula sekunde 1.3 na bado hakijajitambulisha popote. Kikishaingia, IPv6 (mfumo wa anwani za intaneti) nayo hukagua kama anwani ina pacha: kwa mipangilio ya kawaida, kama sekunde 1 nyingine. RFC 4429 (hati ya kanuni za intaneti) inaruhusu anwani ianze kutumika huku ukaguzi ukiendelea. Angalia kama rasimu inaitaja. Redio mbili zikiwaka, kazi yote hiyo humalizwa kabla kiungo cha zamani hakijaachwa.

Desibeli:
Kwenye "mapema" dai namba: milisekunde ngapi kabla, na tahadhari za uongo zivumiliwe kwa kiasi gani. Bila hiyo, kifaa kinachopiga kelele kila dakika nacho kitadai kimetimiza kiwango.

Kagua pia vizingiti, yaani viwango vya mawimbi vinavyoamua kuhama. Rasimu ikilinganisha nguvu ya mawimbi ya Wi-Fi na ya LTE namba kwa namba, ikatae hapo hapo. RSRP, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi ya LTE, hupimwa kwa kipande cha 15 kHz; nguvu ya Wi-Fi hupimwa kwa chaneli nzima ya 20 MHz. Ndiyo maana -95 dBm kwenye LTE bado unaongea, kwenye Wi-Fi umeshazama kwenye kelele. Kila upande uwe na kizingiti chake, pamoja na muda wa kusubiri kabla ya kuhama (LTE ina chaguo kama milisekunde 320 au 640), la sivyo kifaa kitarukaruka huku na kule.

Mkaguzi_Mpya:
Asanteni. Na usalama? Rasimu inaruhusu kifaa kiulize seva ya taarifa (inayotoa orodha ya mitandao jirani) kabla hakijathibitishwa.

Kipimo:
Kuuliza si tatizo, tatizo ni kuamini jibu. Orodha ya mitandao jirani isiyo na saini inaweza kumpeleka mtu kwenye kituo bandia. Amri ya kuhama ndiyo isikubaliwe kabisa bila uthibitisho.

Kwenye fomu, kila hoja iwe na ukurasa, kifungu, mstari, kasoro, na maneno kamili ya kuweka badala yake. Ukiandika "haieleweki, irekebishwe", watakujibu "imekataliwa, hakuna pendekezo", na watakuwa na haki.