Sebule ya mraba, besi inanguruma kwenye kochi na kupotea katikati: DSP (kurekebisha sauti kwa kompyuta) itanisaidia?

Mpenda Dansi
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri. Spika hizi nimeziwekea akiba miezi minane na kila nikiwasha moyo unaniuma.

Sebule ni mita 4 kwa 4, kuta za tofali za saruji, chini marumaru, juu jipsamu. Amplifaya ni ya wati 50 kila upande, muziki unatoka kwenye laptopu. Nasikiliza sana dansi la zamani. Mpiga besi akishuka kwenye F ya chini, nyumba inanguruma na vioo vya dirisha vinalia. Akipanda noti tatu nne, besi inatulia. Kochi limeegemea ukuta wa nyuma. Cha kushangaza, nikisimama katikati ya sebule, noti ileile karibu siisikii. Aliyeniuzia anasema ninunue amplifaya kubwa zaidi. Nianzie wapi?

Fundi Mawimbi
Mkuu, usinunue kitu. Hapo kinacholia ni chumba. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Chukua 343, gawa kwa urefu wa chumba mara mbili, yaani 8: unapata karibu Hz 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde. F ya chini kwenye gita la besi ni Hz 43.7. Noti hiyo inagonga ukuta huu na ule, inajaa kutani na kujifuta katikati. Na mraba ni kati ya maumbo mabaya zaidi, kwa sababu urefu na upana vinavuma kwenye namba moja.

DSP inakata kilele (noti inayozidi) vizuri sana, ila haijazi shimo (noti inayopotea). Ukiongeza dB 10 (dB ni kipimo cha ukubwa wa sauti) unaidai amplifaya nguvu mara 10, wati 50 ziwe 500, na pale katikati wimbi litaendelea kujifuta. Sogeza kochi kwanza. Toka ukutani mita moja na robo hivi, halafu ndipo upime.

Bibi Sauti
Naongezea kwenye kupima. Pakua REW, programu ya kupima sauti ya chumba, ni bure. Tafuta maikrofoni ya kupimia, mfano UMIK-1: inachomekwa USB na ina faili lake la kusahihisha vipimo. Ya simu usiitegemee, nyingi zinakata besi. Iweke pale kichwa chako kinapokaa, urefu wa masikio, feni ikiwa imezimwa. Pima sehemu tano sita kuzunguka kochi, usipime moja tu. Vichujio, yaani mipangilio ya kupunguza Hz fulani, utavipakia kwenye Equalizer APO, programu ya kurekebisha sauti ya kompyuta, nayo ni bure kwa Windows. Mimi sigusi chochote juu ya Hz 300. Huko juu grafu hubadilika ukisogeza kichwa kidogo tu, na ukilazimisha inyooke unaharibu sauti za waimbaji.

Pia piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio kama wa bati, hiyo ni marumaru na kuta tupu, na hakuna programu ya kuitibu. Zulia nene, pazia zito.

Analogi Daima
Kompyuta kuingilia muziki siafiki. Spika nzuri hazihitaji dawa.

Fundi Mawimbi
Nakuelewa mkuu, lakini ukuta umeshauingilia muziki kabla haujafika sikioni.

Mpenda Dansi
Nimerudi, siku tisa baadaye. Jamaa wa vyombo kanisani kwetu kaniazima maikrofoni. Kochi likiwa ukutani kulikuwa na kilele cha dB 14 kwenye Hz 44. Mama watoto akakubali lisogee, kikashuka hadi 9. Nikaweka kichujio kimoja chembamba cha kukata dB 8, na kingine kidogo Hz 61. Kuna bonde karibu na Hz 90, nimeliacha kama mlivyosema. Zulia tumetoa chumbani.

Jana usiku nilirudia wimbo uleule mara nne. F inashuka na kukatika pale kidole kinapoachia waya, na nyuma yake nasikia kayamba ambalo sikuwahi kujua kama lipo. Asanteni sana. Swali moja: nikiwasha TV mngurumo unarudi. Kwa nini?

Bibi Sauti
Bila shaka TV umeichomeka moja kwa moja kwenye amplifaya, haipiti kwenye laptopu, kwa hiyo vichujio haivioni. Kisanduku cha DSP kama miniDSP 2x4 HD kikae kabla ya amplifaya: TV inaingia kwa waya wa optiko, laptopu kwa USB. Namba zako za Hz 44 na 61 utaziandika mle mle.