Unirea Urziceni: bingwa 2009, haipo 2011. Ilikuwaje?

Mgosi_Barabara20: Wakuu, hapa kijiweni Tanga ubishi hauishi. Mmoja anasema Unirea ya Romania iliuliwa na vipigo vya Ulaya, mwingine anasema uwanja mbovu. Mwenye mtiririko atupe, na mji wa watu wasiofika 20,000 uliwezaje kutoa bingwa?

ChumbageniStendi: Vipigo gani, mkuu? Ulaya ndiko walikochuma. Klabu ni ya 1954, muda mwingi ilikuwa madaraja ya chini. Ikapanda ligi kuu 2006, na mwaka huohuo akaja Dan Petrescu, yule beki wa kulia wa zamani wa Chelsea. Hakuleta majina makubwa. Alijenga timu ya kukaba kwa nidhamu na kushtukiza. 2008 wakapoteza fainali ya kombe 2-1 kwa CFR Cluj, 2009 wakabeba ligi.

Bingwa wa Romania msimu ule aliingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya moja kwa moja, bila mchujo. Sevilla wakawapiga 2-0, sare 1-1 na Stuttgart, halafu Oktoba 20 wakaenda Ibrox na kuwakung'uta Rangers 4-1. Marudiano 1-1, wakamfunga Sevilla 1-0, wakafa 3-1 Stuttgart. Pointi 8, nafasi ya tatu, iliyowapeleka Europa League. Huko Liverpool akawatoa, 1-0 na 3-1.

Raskazoni: Hesabu ya hela, maana hapo ndipo watu wanapotea. UEFA ilitoa yuro milioni 7.1 kwa kila timu ya makundi, laki 8 kwa ushindi, laki 4 kwa sare. Ushindi 2 na sare 2 ni milioni 2.4. Jumla 9.5, kabla ya mgawo wa televisheni. Kwa klabu ile ni utajiri.

Uwanja nao una hoja, ila si kisa cha kifo. Tineretului, uwanja wao, haukukidhi masharti ya UEFA, mechi za nyumbani zikachezwa uwanja wa Ghencea, Bucharest, kilomita kama 60 kutoka kwao. Mji ukawa unaangalia timu yake kwenye runinga.

ChumbageniStendi: Kilichoua ni kumtegemea mwenye timu. Petrescu aliondoka mwisho wa 2009 kwenda Kuban Krasnodar. Bado wakamaliza wa pili. Kiangazi 2010 Zenit wakawatoa kwenye mchujo, 0-0 na 1-0. Mwenye mali akafunga mkoba, wachezaji wakauzwa, kina Galamaz na Bilașco wakaenda Steaua. Kikosi cha kuokoteza kikashuka daraja 2011, klabu ikavunjwa.

Mgosi_Barabara20: Mbona Coastal Union yetu ya Tanga, bingwa wa 1988, kashuka na kupanda, yupo?

Raskazoni: Coastal ina wanachama. Tajiri akijitoa mtaishiwa nauli ya timu, lakini hawezi kuifunga. Urziceni hapakuwa na wa kumzuia.

Mgosi_Barabara20: Na zile nne za Ibrox, kweli Rangers walijifunga?

ChumbageniStendi: Mbili, Lafferty na McCulloch. Bilașco na Brandán wakafunga zao.