MREJESHO: Wateja waliopotea kwenye ripoti wamepatikana

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini ripoti ya duka la jumla hapa Kariakoo inaonyesha wateja walionunua tu, wakati bosi anawataka hasa waliokaa kimya mwezi mzima ili awapigie simu. Jedwali la wateja limeunganishwa na la mauzo kwa LEFT JOIN (amri ya SQL, lugha ya hifadhidata, inayobakiza kila mteja hata asiye na mauzo), sasa wanapotelea wapi?

Mkuu uliyesema niangalie WHERE (sehemu ya kuchuja mistari, nilikokuwa nimeweka sharti la tarehe), ubarikiwe sana. Mteja asiye na mauzo anapewa NULL (yaani hakuna thamani) kwenye tarehe. WHERE ikiuliza kama hiyo NULL imefika tarehe 1, jibu si ndiyo wala hapana, na mstari wake unatupwa. Nimehamishia sharti la tarehe kwenye ON (sehemu inayosema majedwali yaungane vipi), wote wamerudi.

Likabaki hili, ambalo hakuna aliyeligusa: waliokaa kimya walionyeshwa wamenunua mara 1. COUNT(*) inahesabu mstari wenyewe, hata kama upande wa mauzo ni mtupu. Nimeweka COUNT(mauzo.id), ambayo haihesabu NULL, ikatoa 0.

Natumia hifadhidata ya MySQL, ila kwenye PostgreSQL ni vilevile. Bosi keshaanza kupiga simu. Asanteni sana.