Fangasi hazikatiki, na mwaka wa pili sasa sijashika mimba. Naombeni mnieleweshe

Binti Kilombero:

Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 27, niko Ifakara, nauza mitumba ya watoto sokoni. Niliolewa mwaka juzi na hatujawahi kutumia kinga wala njia yoyote ya uzazi wa mpango. Mpaka leo kimya.

Miezi minne baada ya ndoa nilianza kuwashwa na kutokwa na uchafu mweupe mzito kama maziwa mgando. Naenda duka la dawa, nanunua vidonge vya kuingiza ukeni, napata nafuu wiki mbili tatu, unarudi. Safari nyingine hakuna muwasho, kuna harufu kama ya samaki, hasa tukishakutana na mume wangu, mpaka naona aibu kugeukia upande wake. Na karibu kila mwezi, katikati ya hedhi moja na nyingine, natokwa na uchafu unaovutika kama ute wa yai bichi. Huo hauwashi wala haunuki, lakini nao nautibu, na siku hizo namwambia mume wangu asubiri kwanza nipone.

Najisafisha sana. Asubuhi na jioni nachuchumaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, naingiza vidole na sabuni ya kipande mpaka nisikie pakavu.

Wifi yangu anasema ni mchango, kizazi kimejaa uchafu. Aliniletea ugoro kwenye kitambaa nikauweka mara mbili, nikaungua nikashindwa kukaa. Sasa anataka nitoe elfu 45 ya dawa ya kusafisha kizazi. Kabla sijatoa hiyo hela nauliza: fangasi zinaweza kuziba kizazi? Juzi mama mkwe kaniuliza mbele ya wageni kama namficha mwanawe vidonge vya kuzuia. Nilienda kulia jikoni.

Mama Wawili:

Pole sana mdogo wangu. Hiyo elfu 45 usiitoe. Mimi niliwahi kuweka vile vidonge vya mitishamba vya kufungwa kwenye kitambaa, siku ya tatu vikatoka vipande vyeupe kama utando, na aliyeniuzia akafurahi kwamba uchafu unatoka. Nilipokwenda hospitali na maumivu, daktari akaniambia ile ni ngozi yangu ya ndani iliyochubuka. Ilinichukua mwezi mzima kupona.

Mkunga wa Pangani:

Mwanangu, nina miaka 22 kwenye kliniki ya mama na mtoto, na swali lako huwa naulizwa mlangoni, mtu keshashika kitasa anataka kuondoka. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu kuna jambo umeliandika limenishtua.

Una vitu vitatu tofauti, vyote umevipa jina moja. Uchafu mzito mweupe wenye muwasho na usio na harufu kali, huo mara nyingi ndio fangasi. Wanawake wengi wanaishi nazo bila shida, zinachachamaa ukimeza antibayotiki, ukiwa mjamzito, ukiwa na kisukari kisichotibiwa au kinga ya mwili ikishuka. Harufu ya samaki inayozidi baada ya tendo haielekei kuwa fangasi, ni bakteria. Ukeni mna bakteria walinzi wanaotengeneza tindikali kidogo inayozuia wengine wasitawale. Ukiwaosha kwa sabuni kila asubuhi na jioni wanapungua, harufu inakuja, nawe unaongeza kuosha. Na hao wa harufu, dawa ya fangasi hawaijui kabisa. Kwa hiyo zipo siku ulikuwa unatibu ugonjwa ambao siku hiyo huna.

Sasa ule wa kuvutika. Mwanangu, huo si uchafu. Huo ni ute wa uzazi. Uchukue kati ya kidole gumba na cha shahada, uvitenganishe taratibu: utavutika kama uzi, unang'aa, haukatiki upesi. Unatoka siku chache kabla ya yai kuachiwa, na kazi yake ni kuzipitisha mbegu za mume na kuzitunza. Yai likishatoka huishi saa 12 mpaka 24 tu, ila mbegu zinaweza kulisubiri ndani hadi siku 5. Na wewe siku hizo hizo ndizo unazomwambia mumeo asubiri. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikakusikitikia. Sijakupima, siwezi kusema hiyo ndiyo sababu peke yake, lakini kuanzia mwezi huu ukiuona ute ule usimfukuze mumeo. Kutaneni siku moja ndiyo moja hapana mpaka ukatike.

Swali lako: hapana, fangasi haizibi kizazi wala mirija. Inayoharibu mirija zaidi ni kisonono na klamidia, na hayo kwa wanawake wengi hayawashi, hayanuki, hayaonekani. Yanapanda polepole kupita mlango wa kizazi, yanaacha makovu kwenye mirija, ndiyo hiyo PID mnayoisikia, yaani maambukizi ya viungo vya uzazi vya ndani. Kwa hiyo mtu anahangaika na kinachomwasha kwa kuwa anakihisi, huku kingine kinapita kimya. Nijibu haya: unaumwa chini ya kitovu? Tendo linauma kwa ndani? Unatoka damu baada ya tendo? Uchafu umewahi kuwa wa njano au kijani? Hata kimoja kikiwepo, usingoje wiki iishe.

Beseni liache. Nje osha kwa maji, ndani usiguse, uke unajisafisha wenyewe. Ugoro usiuweke tena hata kama aliyekupa anakupenda, unachubua, na penye mchubuko VVU na maambukizi mengine yanapita kwa urahisi.

Nenda kituo cha afya, siyo duka la dawa. Usijioshe ndani asubuhi hiyo, na usiwe kwenye hedhi. Waombe wakuangalie mlango wa kizazi na wapime huo uchafu kwa darubini. Omba pia kipimo cha kaswende, VVU, sukari na mimba, maana kuna dawa za fangasi za kumeza zisizofaa kwa mjamzito. Aliye chini ya miaka 35 anaanza uchunguzi wa uzazi baada ya mwaka 1 wa kujaribu, na wewe umeshaupita. Mirija inapimwa kwa kuingiza dawa kupitia mlango wa kizazi na kupiga eksirei. Lakini kabla ya hicho, mumeo apimwe mbegu. Nenda naye.

Kaka wa Mbeya:

Naunga mkono hilo la mwisho. Mke wangu alipimwa miaka 3 peke yake, akapigwa picha, akanywa dawa chungu za kila aina, mimi namsubiri nje kwenye benchi kama dereva. Siku nilipokubali, niliambiwa nikae siku 3 bila tendo, nikatoa kwenye kikopo, majibu yakatoka jioni: mbegu chache, na mishipa ya damu ya korodani imevimba. Nilifanyiwa upasuaji. Sasa tuna binti. Dada, mwonyeshe mumeo huu ujumbe wangu. Hakuna aliyenidharau, na mke wangu alilia kwa kuutua mzigo ambao haukuwa wake.

Binti Kilombero:

Asanteni. Mama mkunga, tendo huwa linauma kwa ndani upande wa kushoto, nilidhani ni kawaida. Hivi kumbe ule ute... nimesoma mara nne. Mume wangu nimemsomea yote, la kaka wa Mbeya amelisoma mwenyewe.

Mkunga wa Pangani:

Hilo la kuuma si kawaida. Nenda kesho, mwanangu, na hilo uwaambie kwanza kabla ya muwasho.

Binti Kilombero:

Nimerudi kuwapa majibu. Tulikwenda wote wawili. Kwenye darubini wameona bakteria, fangasi hakuna. Daktari aliponikagua nikaruka kwa maumivu, akasema inaelekea ni PID. Nilichomwa sindano 1, nikapewa vidonge vya aina mbili vya siku 14, na mume wangu naye ametibiwa siku hiyo hiyo ili tusirudishiane. VVU na kaswende hatuna, sukari ni sawa. Tumeambiwa tusikutane mpaka tumalize dawa, kipimo chake cha mbegu kitafuata, na mirija watapima baadaye wakiona haja. Leo ni siku ya sita, kushoto hakuniumi tena.

Ugoro nimemrudishia wifi yangu kwenye kitambaa kile kile. Nimemweleza na kuhusu ute. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama kile kituo wanapokea na watu wa umri wake.